Kizibao cha Nadhira

Jumanne, 2 Septemba
Aibu! Mimi Twalib, nashona nguo Bagamoyo mwaka wa kumi na tisa huu, na binti yangu Nadhira wa miaka sita hawezi kufunga kifungo. Vidole havimtii. Bi Asteria, mtaalamu wa tibakazi pale kliniki, anayezoeza watoto kazi za mikono, anasema tusimfungie. Ahangaike mwenyewe. Kila siku nikae naye, abane vibanio vya nguo, atunge shanga, akande unga. Unga! Nina sare arobaini za kushona.

Mwalimu Polikarpo wa Zinga naye alikuwepo kliniki na mwanawe, Simon. Simon kafunga vifungo vitatu. Polikarpo akaniuliza, kwa upole wa kuudhi, kama nyumbani kwa fundi huvaliwa fulana tu.

Jumatano, 3 Septemba
Dawa imepatikana. Nimemshonea Nadhira kizibao. Vifungo vya juu ni pambo. Chini yake nimeficha vya chuma, vile vinavyojibana ukivigonga. Mke wangu Mardhiya akauliza nafanya nini. Nikasema utafiti.

Alhamisi, 4 Septemba
Majaribio. Nadhira kajigonga kifuani, pa, pa, pa. Kimefungika! Sekunde nne. Hakufurahi. Akauliza mbona vifungo havipiti kwenye matundu. Maswali kama ya mama yake.

Ijumaa, 5 Septemba
Nadhira kutwa chumbani na kizibao chake, kimya. Nimemwacha. Bingwa hupumzika.

Jumanne, 9 Septemba
Kliniki. Niliomba mwanangu aanze. Akasimama, kizibao wazi. Nikampa ishara, nikajigonga kifua. Wapi! Nikajigonga tena. Polikarpo akaniuliza kama nina kikohozi.

Nadhira akafumbua kiganja. Vyuma vyangu vyote! Alifumua uzi mmoja mmoja kwa kucha. Bi Asteria akamuuliza kwa nini. Akajibu, "Vilikuwa vya uongo."

Bi Asteria akanigeukia. Kisha akasema miezi mitatu amekuwa akimwomba mtoto huyu abane uzi kwa vidole viwili. Akampa shati lenye vifungo vikubwa. Nadhira akatoa ulimi nje, akasukuma, kikamponyoka, akarudia. Dakika sita. Kifungo kimoja, kwenye tundu lake!

Polikarpo ndiye aliyeanza kupiga makofi. Kwa dakika sita zile nilisahau kumchukia.

Nikawaeleza kuwa ndiyo mbinu yangu.

Jumatano, 10 Septemba
Wiki ijayo ni kamba za viatu. Nasikia Simon ameshajua fundo la kwanza. Nimekwenda kwa Seleman, fundi viatu. Nimemuuliza, kwa siri, kama lastiki inaweza kushonwa ikaonekana kama kamba iliyofungwa.

Anasema inawezekana. Mungu mkubwa.