Vita vya Skrubu Nne katika Karakana ya Bwana Tak

Tueni vijiko, enyi mlao, na nyamazeni, enyi mnenao, mpate kusikia jinsi Maeng Sun-rye wa mji wa Gimhae, simba jike wa mashine namba tatu, alivyomkabili Tak Byeong-ho, mfalme wa mifuniko ya sufuria, akamtoa ngomeni mwake na kipande cha wavu wa chuma.

Wavu huo ndio uliokuwa kinga baina ya mikono ya watu na nyundo ya kukandamiza bati. Majira ya kuchipua Bwana Tak aliuona unachelewesha kazi, akaamuru ufunguliwe, akaupandisha ofisini kwake na kuufanya kitako cha maua yake ya okidi. Wiki ya tatu mashine ikamla Gil-ja, mwenzake Sun-rye, ncha ya kidole cha shahada. Hapo mfalme akamwaga majeshi: bango jekundu lisemalo USALAMA NI WAJIBU WAKO, hotuba kila asubuhi, na picha yake mwenyewe kavaa kofia ngumu. Vyote viliingia vitani isipokuwa skrubu nne za kuufunga wavu mahali pake.

Ikakaribia Chuseok, sikukuu ya mavuno, oda zikafurika, namba tatu ikapiga bila kupumua. Siku moja wakila mchana, kipande cha kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, kilimponyoka Gil-ja kwenye vijiti mara tatu, naye akacheka kwa aibu. Sun-rye akaweka bakuli chini. Aliogopa, kwani ana miaka hamsini na minane, na nani angemwajiri tena? Hata hivyo akaizima namba tatu, akazikwea ngazi za ofisini.

"Bosi, naomba wavu wetu."

Bwana Tak akainua mkono kama anayehutubia taifa. "Mama Maeng, kiwanda hiki ni familia. Bango nimetundika, glavu nimewapa, nimehutubia hadi koo limekauka. Sasa mtu asipokuwa makini, mimi nifanyeje? Nimshike mkono?"

"Bango halizuii chuma. Na glavu, mashine inaila pamoja na kilichomo. Kutulinda ni kazi yako, Bosi. Sheria imekutaja wewe, haikumtaja Gil-ja."

"Wavu unanipunguzia mifuniko mia mbili kwa siku, unajua?"

"Basi shuka ukandamize mmoja. Mmoja tu, kwa umakini wako."

Angekataa, lakini chini ya ngazi wafanyakazi kumi na mmoja walikwisha kusimama, wanamtazama. Akashuka, akaketi kwenye kigoda. Sun-rye akawasha mashine, nyundo ikaanguka mara moja patupu, sakafu ikatetemeka. Mkono uliotia saini bango ukanyooshwa, ukafika nusu ya safari, ukarudi mfukoni.

"Mbona umerudi, Bosi?" akauliza Gil-ja kwa upole. "Kuwa makini tu."

Bwana Tak alipanda ofisini, akashuka na wavu umejaa udongo wa maua, akapiga magoti, akaanza kuzungusha bisibisi.

"Kulia, Bosi," akasema Sun-rye. "Huko unafungua."

Wenye wino na waandike: saa nane na robo mchana, baada ya miezi mitano ya hotuba, mwajiri alitimiza wajibu wake kwa dakika sita, jasho likimchuruzika kama aliyejenga ukuta wa mji. Na zamu ilipokwisha, Maeng Sun-rye alinawa mikono, na vidole vyake vyote kumi vilikuwapo.