Mto Mwatum Upewe Kipande

Bwana Mhariri,

Pokea salamu kutoka huku nyuma ya Pongwe. Mimi mzima wa mwili, ila nyumbani kwangu hakukaliki, na chanzo ni mto.

Mto wetu unaitwa Mwatum, jina la bibi wa kwanza kuteka maji hapa. Mtoto akitimiza siku arobaini, huogeshwa maji yake. Sasa kiwanda cha mkonge kilichoko juu kinamwaga humo maji ya mashine, mto umekuwa wa kijani, na hata mbuzi wanaupa kisogo. Juzi mtoto wa jirani yetu Safari aliogeshwa, akawashwa mwili mzima, na waliompakata wakajikuna mpaka pilau ikapoa. Kwa hiyo nalalamika hivi:

1. Mto unafanya kazi ya kiwanda mchana na usiku, Jumapili haupumziki. Basi upewe kipande, ile kadi ya kazi, kama manamba wengine wa mkonge, utiwe alama kila siku, na zikitimia siku thelathini upewe posho yake ya unga na maharage. Tutaupokelea sisi.

2. Kama hauna kipande, basi ni mtoro. Kila siku unakimbilia baharini mbele ya macho ya askari, na hakuna hata mmoja aliyeupigia filimbi.

3. Aliyeajiriwa na kiwanda aitwe kwa jina la kiwanda. Jina la Mwatum ni la ukoo wa mke wangu, na tunaomba turudishiwe likiwa limeoshwa, tena kwa maji ya kisima.

4. Mke wangu Tabia, kitukuu cha huyo bibi, ameapa kwamba asipojulikana mtu anayeuchafua mto kufikia Ijumaa, anahamia kwa kaka zake Chumbageni pamoja na sufuria zote. Nampenda mno, Bwana Mhariri, nayaandika haya bila aibu. Mtu huyo atafutwe, atajwe jina, na ahukumiwe kuogea humo humo.

Nisalimie wote hapo ofisini, hasa anayepanga herufi, maana kazi yake ni ngumu.

Ni mimi niliyechoka kuziba pua,
Hija Kombo

Tanbihi: Sehemu hii usiichapishe. Lango la maji machafu kiwandani hufunguliwa kila asubuhi na mtu mmoja tu, nami ndiye huyo. Nyumbani nimesema namwagilia maua ya Bwana Meneja. Nikifikiri vizuri, naona barua yote uichane, kwa sababu Tabia anajua kusoma.