Kima cha Chini cha Fundi Mikate

Mwaka tisini na saba, Saady alikuwa mtu pekee mjini Kasulu aliyevaa tai bila kuwa na ofisi. Asubuhi hiyo alikuwa anakunywa chai kwenye bekari ya Mwanaamina, redio ikieleza kwamba huko Ulaya tajiri akitaka kuajiri mtaalamu mgeni, sharti amdhamini na amlipe mshahara usiopungua kima cha serikali. Wateja wengine walisikia habari. Saady alisikia riziki.

Akamtupia jicho Ndayiragije, mkimbizi Mrundi aliyekuwa anaoka mikate mitamu kuliko yote wilayani kwa ujira wa mikate miwili na kipande cha sabuni.

"Mama, sheria hiyo imeshafika Kibondo," akanong'ona. "Wiki ijayo ipo hapa. Fundi mgeni, kima cha chini elfu themanini kwa mwezi."

Mwanaamina akakaa juu ya gunia la unga. "Elfu themanini! Kwani anaoka dhahabu?"

"Usihangaike. Kampuni yangu itamdhamini na kumlipa. Wewe nipe ada tu, elfu ishirini."

Akaandika mkataba kwa Kiswahili cha mahakamani, akaufanya wa miaka miwili ili uonekane mzito, akagonga muhuri aliouchonga kwenye kandambili. Mwanaamina akalipa upesi kabla ada haijapanda. Nakala moja akapewa fundi.

Hapo Saady alijiponza. Kabla ya vita, Ndayiragije alikuwa karani wa mahakama kwao Ruyigi.

Mwisho wa mwezi fundi akamfuata sokoni, shati limepigwa pasi.

"Patron, bosi wangu, nimefuata elfu themanini zangu."

"Za nini tena?"

"Za kima cha chini. Mdhamini ni wewe. Au twende bomani, watusomee mkataba pamoja na muhuri?"

Saady alipolisikia neno muhuri, akamvuta fundi pembeni. Pesa hana, na ile ada alishaila. Wakapatana mbele ya Mwanaamina: mama atamlipa fundi kwa niaba ya kampuni, na kampuni ije ikande unga kufidia deni hilo mpaka mkataba uishe.

Kampuni ikavua tai, ikakunja mikono ya shati.

"Kanda kwa nguvu, patron," Ndayiragije akamhimiza. "Bado miezi ishirini na mitatu."

Siku ya tatu Saady akainua uso uliojaa unga. "Mama, na mimi kima changu cha chini ni kiasi gani?"

"Kwani wewe ni mgeni?"

"Hapana. Nimezaliwa hapahapa Kasulu."

"Basi sheria haikuhusu," Mwanaamina akasema, akamsogezea beseni la pili.