Siku Shangazi Alipokosa Swali

Ninayo furaha, na zaidi ya furaha ninacho kibali, kuutangazia umma kwamba Serikali yetu imefika kileleni mwa uwajibikaji: Bungeni hakuna tena swali lisilo na jibu. Wengine husubiri kuulizwa ndipo wajibu. Sisi tulianza na majibu, maswali tukayaacha yajitafutie njia.

Mimi ni Mkurugenzi wa Majibu ya Awali katika Wizara ya Maji. Dirisha la ofisi yangu linatazama chemchemi ya mapambo aliyoijenga Mheshimiwa Waziri mbele ya wizara, ili mwananchi anayelalamika kwamba hakuna maji aonyeshwe kwa kidole. Chemchemi hiyo hurusha maji kutwa nzima. Katikati yake amesimama Waziri wa saruji, ameinua gilasi, anatabasamu.

Kazi yangu kubwa ilikuwa Shangazi. Huyo ndiye Kiongozi wa Upinzani. Jina analo, lakini halitumiki, kwa sababu kabla ya siasa alikuwa mkunga wa hospitali kuu, na wabunge wengi wa pande zote mbili aliwapokea duniani kwa mikono yake na kuwachapa kofi lao la kwanza. Mtu wa namna hiyo si rahisi kumfokea. Hata Spika akitaka kumkaripia huanza na samahani.

Shangazi alikuwa na jambo moja tu, maji ya wodi ya wazazi. Koki ya hospitali ilikuwa imefungwa tangu chemchemi izinduliwe, na wajawazito walikuwa wakienda kujifungua na ndoo zao za maji, mkono mmoja ndoo, mkono mwingine kiunoni.

"Maji ya wodi yako wapi, mwanangu?" alimuuliza Waziri mbele ya Bunge zima.

Kamati ya Staha za Maswali, ambayo mimi ni katibu wake, ilikaa haraka ikafuta neno "wapi", kwa kuwa linaashiria kwamba Serikali imepoteza kitu. Shangazi akarudi, akauliza yatafunguliwa lini. Tukafuta "lini", maana Serikali si mpangaji wa kuwekewa siku. Akauliza ni nani aliyeyafunga. Tukafuta "nani", kwa sababu kunyoosheana vidole kunaharibu mshikamano. "Kwa nini" tukawaachia watoto wadogo. "Je" haikuwa na kosa lolote, ila Spika alisema ina sauti ya dharau.

"Sasa nimebakiwa na nini?" Shangazi aliuliza.

"Hata hiyo 'nini' tunaitazama," Spika akamjibu.

Katika kikao hichohicho tulipitisha kanuni mbili ninazojivunia hadi leo. Ya kwanza ilisema zamu ya Kiongozi wa Upinzani itafungwa kwa kauli ya Waziri, ili Serikali ndiyo iwe na neno la mwisho. Ya pili ilisema lolote atakalotamka Waziri bila kuulizwa litakuwa Kauli ya Serikali, na kila mtumishi atalitekeleza papo hapo bila kusubiri barua. Hii ya pili tuliitunga kwa ajili ya siku ambazo mawaziri husimama kumsifu Mkuu wa Nchi.

Kilichobaki kilikuwa kumwandaa Waziri, naye, nasema kwa heshima zote, si mwepesi wa kushika mambo. Kila alasiri tulijifungia katika chumba cha mikutano. Nilijitanda mtandio wa mke wangu, nikashusha miwani puani, nikawa Shangazi. Ili akanushe kikamilifu ilibidi kwanza anieleze ukweli wote, bila kuficha, nami nikamwekea "si kweli kwamba" mbele ya kila jambo. Mwanzoni nilikuwa namuuliza. Baadaye tukagundua kwamba maswali yanamchanganya, tukayaondoa. Nikawa namtazama tu juu ya miwani, naye anakanusha. Namtazama tena, anakanusha linalofuata. Alifika mahali akawa anatiririka kama mtoto wa chekechea na shairi la siku ya wazazi, nikamwambia sasa ameiva.

Asubuhi ya kikao mke wangu alinikuta nafunga tai.

"Baba watoto, wifi yangu amekimbizwa hospitali, uchungu umeshika. Ile ndoo kubwa umeiweka wapi?"

"Suala la ndoo limepokelewa," nikamwambia, "na linafanyiwa kazi."

"Nimekuuliza ndoo. Sijakuuliza habari za serikali."

"Tatizo, mama watoto, ni hilo neno 'wapi'."

"Endelea hivyohivyo, nitakumwagia haya maji kidogo tuliyo nayo. Na mtandio wangu?"

"Uko kazini," nikasema, na hilo lilikuwa kweli tupu.

Wifi yake huyo ni dada yangu wa pekee, niliyembeba mgongoni alipokuwa mdogo. Nilipomwona mke wangu akitoka na madumu mawili, bega moja limeshuka, niliona tai inanibana. Nikailegeza, nikaenda kazini.

Bunge lilikuwa limejaa, na redio ilikuwa ikitangaza moja kwa moja. Nilikaa nyuma ya Waziri, mahali pa wataalamu. Spika akamwita Kiongozi wa Upinzani. Shangazi akasimama. Akauweka sawa mtandio wake, akashusha miwani puani, akamtazama Waziri, akanyamaza.

"Samahani, Mheshimiwa," Spika akasema. "Uliza."

"Maneno mmeyachukua yote, mwanangu. Nimesimama tu. Au na kusimama kumekatazwa?"

Spika akapekua kanuni. Tulikuwa tumekataza kugonga meza, kuguna, kuchekea puani na kukohoa kwa makusudi. Kunyamaza hatukukataza, kwa kuwa ndilo jambo tulilokuwa tukimwomba Shangazi miaka yote hiyo.

"Basi endelea," Spika akasema, na Shangazi akaendelea kunyamaza.

Nikaona shingo ya Waziri ikiota kijasho chembamba. Nikaona magoti yake yanainuka. Nikamvuta koti.

"Mheshimiwa, hajauliza kitu."

"Najua," akaninong'oneza. "Lakini ananitazama."

Akasimama, akafunga kifungo cha koti, akatoa ile sauti yetu ya chumba cha mikutano. "Si kweli kwamba koki ya hospitali imefungwa."

Bunge lote likageuka. Shangazi hakupepesa jicho.

"Si kweli kwamba chemchemi ya wizara inakunywa maji ya wodi ya wazazi."

Nilivuta koti mpaka mshono ukalia. Upande wa upinzani hakuna aliyeguna wala kukohoa. Walikuwa wanatii kanuni kuliko siku zote.

"Na si kweli hata kidogo," Waziri akamalizia, akipandisha sauti pale nilipomfundisha kupandisha, "kwamba ufunguo wa koki hiyo umo ndani ya droo yangu ya kushoto, chini ya kopo la biskuti."

"Kopo la biskuti?" mbunge mmoja wa upande wetu akaropoka.

"Si kweli kwamba ndani yake mna biskuti," Waziri akasema.

Spika alikunakuna kichwa, akafungua kanuni ya pili, akaisoma kwa huzuni. Kwa kuwa Waziri hakuulizwa, yote aliyoyasema yalikuwa Kauli ya Serikali, na zamu ilikuwa imefungwa.

"Asante, mwanangu," Shangazi akasema, akaketi.

Ndani ya gari Waziri aliniuliza amefanyaje. Nikamwambia hakukosea hata neno.

Tulipofika wizarani chemchemi ilikuwa kavu. Waziri wa saruji alikuwa bado ameinua gilasi, lakini sasa alionekana kama mtu anayeomba kuongezewa. Ukingoni alikuwa amekaa fundi bomba wa wizara, mkoba wa spana miguuni, akijipangusa midomo. Huyo ni mtumishi ambaye katika kazi yake yote hajawahi kutekeleza agizo kabla ya kukumbushwa.

"Nani amekutuma uguse chemchemi yangu?" Waziri akamuuliza.

"Wewe mwenyewe, mheshimiwa. Nimekusikia redioni. Nikasema hii ni Kauli ya Serikali, haisubiri barua. Ulisema si kweli kwamba koki ya hospitali imefungwa. Nimekwenda kutazama, nikaikuta imefungwa kabisa. Nikaona loo, mkubwa wangu ataonekana mwongo mbele za watu. Nikaifungua."

"Na chemchemi?"

"Ulisema hainywi maji ya wodi. Ilikuwa inayanywa. Nimeikata."

"Ufunguo uko wapi?"

"Ulisema haumo kwenye droo. Nilipoukuta nikautoa haraka, nikafungulia ile koki, kisha nikamkabidhi muuguzi mkuu. Droo zake hukuzitaja, mheshimiwa."

Waziri akapumua kwa shida. "Na biskuti zangu?"

"Hilo nalo limetekelezwa," fundi akasema, akapangusa makombo kifuani.

Hapo simu yangu ikalia. Alikuwa mke wangu, na nyuma yake nilisikia kishindo cha maji yakijaa karai.

"Baba watoto, ni mtoto wa kike. Wifi yangu mzima. Na maji yametoka, yametoka mpaka yakamwagika sakafuni, wauguzi wanacheka tu. Ile ndoo usiitafute tena."

Nilifurahi. Nasema wazi kwamba nilifurahi mno, machozi yakanitoka, nikageukia ukuta ili mwajiri wangu asiione furaha ambayo hakuipitisha.

Kumbe bomba lile haliwezi kulisha hospitali na wizara kwa pamoja, jambo ambalo Waziri alikuwa amekwisha kunieleza mazoezini. Kufikia saa za jioni vyoo vya wizara vilikuwa vimeanza kutoa maoni yao. Waziri akamtuma dereva hospitali na ndoo. Dereva akarudi nayo tupu. Muuguzi mkuu alikuwa amemwonyesha mwongozo tulioubandika wenyewe kwenye mlango wa wodi, wenye muhuri wetu, unaosema kila mwenye shida ya maji atafika yeye mwenyewe na ndoo yake, bila kuwakilishwa.

Ndivyo ilivyotokea mimi na Mheshimiwa tukasimama hospitalini kwenye foleni ya bomba la uani, nyuma ya baba mmoja aliyekuwa na beseni la nepi. Fundi alitufuata kwa nyuma, akisema ni kwa ajili ya msaada wa kiufundi. Muuguzi mkuu alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na bomba, ufunguo unaning'inia shingoni.

"Nani msimamizi wa foleni hii?" Waziri akauliza.

"'Nani' ilifutwa, mheshimiwa."

"Zamu yangu itafika lini?"

"Na 'lini' mliifuta."

"Lakini kwa nini mnanifanyia hivi?"

"Hiyo mliwaachia watoto," muuguzi akasema. "Leo wamezaliwa wengi, wakikua watakuuliza."

Waziri akahamisha ndoo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Nami nikajifunza kwamba ndoo tupu nayo huchosha mkono ukisimama nayo kwa muda.

Mlango wa wodi ukafunguliwa, akatoka Shangazi, bado na mtandio wake wa Bungeni, amempakata mpwa wangu. Alikuwa amepita kuwajulia hali wazazi kama anavyofanya kila kikao kikiisha. Akanisogezea mtoto, nikaweka ndoo chini, nikamshika kidole kidogo.

Kisha Shangazi akageuka. Akauweka sawa mtandio. Akashusha miwani puani. Akamtazama Waziri, akanyamaza.

"Mheshimiwa, usijaribu," nikamnong'oneza. "Kikao kimeahirishwa. Hapa ni uani."

Waziri alinisikia. Aliuma midomo, akatazama angani, akatazama ndoo yake, akafunga kifungo cha koti.

"Si kweli," akaanza, "kwamba tangi la maji la shule ya msingi limehamishiwa nyuma ya nyumba yangu."

Foleni nzima ikageuka. Baba wa nepi akaliweka chini beseni lake ili asikilize vizuri. Na nyuma yangu nikasikia fundi akifungua mkoba wa spana.