Dressing ya Odile

Jumatatu, 3 Juni 2024

Wewe uliyeshika daftari hili, nakuomba kwa jina la mama aliyekuzaa: neno hata moja lisitoke. Usimsomee mke wako, wala padri. Kama wewe ni Mechack wa ofisini kwetu, funga hapo hapo. Nimeandika kwa penseli makusudi. Mambo yakiharibika, nitaukana mwandiko.

Sasa jambo lenyewe. Jumamosi Mama Mushiya, shangazi aliyemlea mchumba wangu Odile, anakuja kuangalia nyumba yangu hapa Kasulo kabla ya familia kupokea mahari. Jana alitangaza mbele ya watu, mlangoni pa kanisa, kwamba kwake kuna masanduku matatu ya vitambaa vya bitenge yatakayokuja na Odile, na kwamba mtoto wa namna hiyo haolewi na mtu anayetundika mashati kwenye misumari. Asiporidhika, ndoa hakuna.

Nina misumari minne. Leo nilipoikumbuka nilimwagia chai rejista ya malori.

Mechack akauliza kulikoni. Kosa langu, nikamwambia. Akasema kwa sauti ya ofisi nzima kwamba yeye kwake ana dressing, chumba kizima cha nguo: unaingia kwa miguu yako, unatoka umevaa. Akaongeza kwamba Odile anakaribishwa kuja kuiona. Eti kuiona!

Nimekata shauri. Nitajenga dressing ndani ya chumba changu cha kulala. Nina diploma. Nina rula. Siogopi kitu.

(Nimefunga mlango kwa kufuli mara mbili kabla ya kuandika hayo.)

Jumanne, 4 Juni

Ramani imekamilika, kwenye karatasi ya miraba ya ofisi. Chumba ni mita tatu kwa mbili na nusu. Kushoto rafu za bitenge, sentimita sitini. Kulia bomba la kutundikia magauni, sentimita sitini. Juu masanduku, chini viatu. Safi kabisa! Nimeitazama robo saa nzima kwa furaha.

Kisha nikagundua kwamba nimesahau mtu. Hakuna pa kupita.

Nimemwongezea mtu sentimita sitini. Sasa kitanda hakienei, kimezidi kwa sentimita ishirini. Si tatizo. Ubavu wa kitanda utaingia chini ya rafu ya bitenge, na bega langu pamoja nao. Nalala kiubavu tangu utotoni.

Jumatano, 5 Juni

Urefu wa kwenda juu umenikwamisha. Upande wa magauni paa limeshuka mno. Magauni marefu ya kanisani yakitundikwa chini ya masanduku, yanaburuta sakafuni. Kupandisha paa haiwezekani, kwa kuwa paa ni mali ya mwenye nyumba, Tata Tshiamala, anayekaa nyumba ya mbele. Naheshimu mali ya watu.

Basi nitashusha sakafu. Sentimita sitini tu.

Nimenunua sururu fupi na kuileta ndani ya gunia la makaa. Nimeziba dirisha kwa blanketi ili Odile asione kabla ya siku yake. Nimefungulia mahubiri redioni kwa sauti ya juu, nikawa napiga sururu kila mhubiri anaposema amina. Anasema amina mara nyingi, Mungu ambariki.

Udongo nimeutoa kwa mifuko ya plastiki, kwa taxi-moto, pikipiki ya kukodi. Dereva alifungua mfuko mmoja, akanusa, akatia kidogo mfukoni mwake. Watu wa siku hizi hawana adabu.

Alhamisi, 6 Juni

Mtaa mzima umebadilika. Asubuhi jirani yangu Mama Mwadi, ambaye hajawahi kuitikia salamu yangu, aliniita patron, kama bosi. Saa sita akaniletea bukari, ugali wa moto, na samaki, akaniomba nisimsahau siku yangu ikifika. Vijana wawili wenye mabega mapana walinisimamisha njiani, wakasema wao wanafanya kazi bila maneno. Nikawashukuru, nikawaambia kazi hii ni ya mtu mmoja, ni ya siri, ni ya moyo. Wakatazamana.

Nimeelewa. Watu wanaheshimu kijana anayejiandaa kuoa.

Bomba la magauni limekaa sawasawa. Nimetundika koti langu kwa majaribio. Limening’inia juu ya shimo kama koti la waziri.

Ijumaa, 7 Juni

Balaa!

Tata Tshiamala aliingia bila kubisha, mkononi ameshika mkataba wa nyumba. Hapa Kasulo watu walichimba madini ya kobalti mpaka chini ya vitanda vyao, kwa hiyo hakuna mwenye nyumba anayepangisha bila kifungu kile: mpangaji akichimba, anatoka siku hiyo hiyo. Kifungu hicho nilikipiga chapa mimi mwenyewe, kumsaidia mzee. Kimeandikwa vizuri sana, hakina tundu la kutorokea. Nimekitafuta.

Nilimweleza kwamba ni dressing. Nikamwonyesha ramani. Akauliza hii njia ya katikati inaelekea wapi. Nikasema ni ya mtu kupita. Akauliza hapa chini kuna nini. Nikasema viatu, na bitenge upande wa pili. Alicheka mpaka akakohoa.

“Karani, mi nilizaliwa hapa,” akasema. “Bitenge binaota mu udongo?”

Ramani akaikunja, akaitia kifuani. Nilipiga magoti, nikamweleza habari za Mama Mushiya. Ana huruma yule mzee: ameniachia sebule mpaka Jumapili. Kisha ndugu zake wawili wakaingia chumbani na ndoo na sururu ndefu. Ndani ya dressing yangu!

Lakini kuna pazia kati ya sebule na chumba. Pazia zito. Kesho itapita.

Jumamosi, 8 Juni

Walikuja saa nne. Mama Mushiya akakaa, akakubali chai. Odile alikuwa na gauni la njano, nikasahau nilichotaka kusema. Nyuma ya pazia: du, du, du. Nikasema ni fundi anamalizia. Nilisema kwa utulivu mkubwa.

Mama Mushiya akainuka, akafungua pazia.

Shimo lilikuwa limefika kimo cha mtu. Koti langu bado lilining’inia juu yake, jekundu kwa vumbi. Kutoka chini Tata Tshiamala akamsalimu mama vizuri, akamwomba arudi nyuma kidogo asije akamwangukia. Nikasema hiyo ni sehemu ya viatu.

Mama Mushiya akachungulia chini.

“Mutoto yangu iko na bitenge,” akasema. “Hana na maiti ya kuzika.”

Akamwambia Odile wanaondoka, na habari imekwisha.

Odile hakuondoka. Akasema, na sijawahi kumsikia akisema mbele ya shangazi yake, kwamba yeye ana sanduku moja tu. Mawili ni ya Mama Mushiya mwenyewe, na yeye amelala miaka sita kwenye stoo nyuma ya masanduku hayo, bila hewa. Hakuna aliyemuuliza anataka nini. Hataki dressing. “Mi nataka dirisha moja yenye kufunguka,” akasema. “Moja tu.” Mama Mushiya akakaa tena, akanywa chai iliyopoa.

Odile amenipa mpaka mwisho wa Julai. Chumba chenye dirisha, wala si ramani. Akiona ramani nyingine, atakwenda kwa mwenye dirisha yeyote, hata Mechack.

Niliapa. Machozi yalinitoka, vumbi ni jingi siku hizi.

Jumanne, 11 Juni

Nimeokoka! Kaka yangu Barnabé, dereva wa lori, yuko safarini Fungurume mwezi mzima, ameniachia chumba chake mtaa wa Manika. Kina dirisha pana, linafunguka vizuri ajabu. Jumapili nililifungua na kulifunga mara saba. Odile ameahidi kuja kukiona.

Tata Tshiamala hakupata kitu ila udongo mwekundu. Anasema ramani niliyompa ni ya uongo, anatafuta ile ya kweli. Lakini somo nimelipata, na nimelipata barabara: usichimbe sakafu.

Huku sina haja ya kuchimba. Ukutani kuna nafasi iliyokwisha kukatwa, upana mita moja na ishirini, imeinuka kutoka sakafuni, vumbi halifiki. Mbao nne tu na misumari! Odile atashangaa.

Ukitaka kunipata, shuka taxi-moto nyuma ya soko la Manika, pita wauza samaki wakavu, tafuta mlango wa buluu. Sema umetumwa na Barnabé. Ukitaja Tshiamala, sipo. Gonga mlango, tena kwa nguvu, maana ndani ni giza na hewa haitoshi, usingizi hunichukua hata mchana. Dirishani usigonge. Tangu jana jioni pale ni rafu ya bitenge.