Kisima Changu na Wala Chuma

Alhamisi, 6 Februari 2025

Kisima kimepata maji! Mita kumi na tatu. Safi, baridi, matamu. Nimeonja mbele ya mafundi huku nimefumba macho, ili wajue kwamba najua maji.

Naro Moru yote, hapa chini ya mlima, inalia ukame. Bomba la mradi linatoa maji siku mbili kwa wiki, na siku hizo anazichagua Kinyua. Kinyua ni jirani yangu. Pia ni mwenyekiti wa mradi wa maji, mwaka wa tisa sasa, na hutembea kama mlima ni wake. Tarehe kumi na tano ni uchaguzi. Nagombea! Nimewatangazia wanachama kwamba siku hiyo chai ya wote itapikwa kwa maji yangu. Nimemwambia Magdaline, mke wangu, aanze kuzoea kuitwa mke wa mwenyekiti. Amesema atazoea akimaliza kukamua.

Ijumaa, 7 Februari

Balaa. Maji niliyoacha kwenye ndoo jana yana matope ya rangi ya machungwa chini. Juu kuna utando unaong'aa kama mafuta ya taa. Kamba ya kisima inateleza kama ute wa yai.

Nani ana rangi ya machungwa? Kinyua. Alipaka lango lake Desemba. Ushahidi umekamilika.

Jumapili, 9 Februari

Nimefunga kisima kwa kufuli mbili. Rangi bado inaingia. Kinyua ni mjanja kuliko nilivyodhani.

Magdaline alifua kitambaa chake cheupe cha kichwani, kile cha chama cha akina mama kanisani, kwa maji ya kisima. Leo wenzake wote walikuwa weupe, yeye peke yake rangi ya udongo wa barabarani. Njia nzima alitembea mbele yangu, kitambaa amekikunja mkononi. Ningependa zaidi angenigombeza.

Jumanne, 11 Februari

Nilimtumia Wendy chupa ya maji. Ni binti yetu, anapima maji katika maabara huko Nyeri. Leo amepiga simu. Si Kinyua. Nimemuuliza mara tatu kama ana hakika.

Anasema ni vijidudu visivyoonekana kwa macho. Maji ya chini yana chuma kilichoyeyuka. Yakipanda na kukutana na hewa, vijidudu hivyo vinakiunganisha chuma na hewa na kupata nguvu, kama sisi tunavyopata kwa sahani ya githeri. Kinachobaki ni kutu. Hata ule utando ni kazi yao: ukiuchokoza kwa kijiti unapasuka vipande vipande, mafuta yangeungana tena. Nimechokoza. Umepasuka! Inauma kumwondolea Kinyua makosa kwa sababu ya kijiti.

Wendy amesema havitaumiza tumbo, ila vinaharibu chai na nguo. Dawa ni kuyapiga maji hewa ndani ya pipa, kuyaacha yatulie, kisha kuyachuja kwa mchanga na kokoto. Kazi kubwa hiyo. Nimempa mama yake simu, wakaongea muda mrefu. Mimi sikusikiliza. Nilikuwa nawaza.

Jumatano, 12 Februari

Nimepata dawa bora kuliko ya maabara. Kila mfugaji anajua: mbwa aliyeshiba haibi nyama. Vijidudu vyangu vina njaa, ndiyo maana vinasumbua chuma kidogo kilicho majini. Vikipewa chakula chao pembeni, vitayaacha maji.

Nimetumbukiza kisimani kilo nne za misumari, bawaba mbili, na jembe. Jioni Magdaline akauliza, "Baba Wendy, jembe yangu iko wapi?" Nimesema iko kazini.

Ijumaa, 14 Februari

Maji yamezidi kuwa mekundu. Dalili nzuri, vinakula.

Magdaline yuko nyuma ya jikoni na mapipa mawili, mchanga na kokoto. Nadhani anataka kupanda mboga ya sukuma. Sikuwa na nafasi ya kuuliza, najifunza hotuba. Mahali pa kupigiwa makofi nimepaandika kwa kalamu nyekundu.

Jumamosi, 15 Februari

Siku ya uchaguzi.

Wanachama walijaa uwanjani kwangu. Sufuria kubwa ikachemka, nikatia majani ya chai kwa mkono wangu mwenyewe. Maji yakawa meusi kama wino. Nikaongeza maziwa. Ikawa kijivu! Kinyua akainamia sufuria, akauliza kwa sauti ya kufika Kiganjo, "Ati hii ni chai ama ni simiti?" Nilikunywa vikombe viwili kuwaonyesha. Hakuna aliyenifuata.

Ndipo Magdaline akatoka na chupa sita za chai. Chai ya kahawia, chai ya kawaida, yenye mvuke. Shiku, katibu wa akina mama, akauliza maji ni ya wapi. Magdaline akajibu ni ya kisima hikihiki, ameyapitisha kwenye mchanga. Akawaonyesha mapipa. Dakika tano tu, bila kipaza sauti. Mapipa yale hayakuwa ya sukuma.

Uchaguzi wetu ni wa mlolongo: mgombea anasimama mbele, wanaomtaka wanajipanga nyuma yake. Tulisimama wawili, mimi na Kinyua. Shiku akamvuta Magdaline, akamsimamisha wa tatu. Watu wakaanza kusogea na vikombe vyao. Niligeuka mara mbili kuangalia nyuma yangu. Nyasi. Mara ya tatu nikamwona Kinyua mwenyewe ameacha nafasi yake na kwenda kujipanga nyuma ya mke wangu. Nikabaki nimesimama peke yangu, kiongozi wa mlolongo usio na mtu. Nilitaka kulia, na nilitaka kupiga makofi. Sikufanya lolote.

Jumapili, 16 Februari

Mwenyekiti mpya amenipa kazi yangu ya kwanza: kuopoa misumari na kuosha mchanga kila wiki. Kinyua nami tumewekwa pamoja. Tukiwa tumekunja suruali, si mtu mbaya.

Nimechunguza kushindwa kwangu kwa utulivu. Kosa halikuwa maji. Halikuwa chai. Ni mlolongo! Watu wanatazamana, wanaoneana haya, kila mmoja anakwenda aliko jirani yake. Nimeandika barua ya kudai kura ya siri na kuipeleka kwa mwenyekiti. Ameisoma, akacheka mpaka akafuta machozi, akatia sahihi.

Alicheka kwa sababu anajua ukweli. Kwa kura ya siri, hata Magdaline angenichagua mimi.