Yah: Kuombewa Kupita Kiasi Ndani ya Nyumba Yangu Mwenyewe

Kwa Mchungaji wetu mpendwa,

Bwana asifiwe. Natumaini u mzima, wewe na watu wa nyumbani mwako. Mimi ni yule seremala wa benchi la tatu niliyetengeneza mimbari, na ndiyo maana inaniuma zaidi kwamba maneno yaliyoniponza yalitoka juu ya mbao zangu mwenyewe.

Utakumbuka Jumapili ile ulihubiri kwamba baba ni kichwa cha nyumba na kuhani wa familia yake. Nilitoka pale nimenyoosha shingo. Ukaagiza kila baba awakusanye watu wake kila jioni kabla ya chakula, kila mmoja aombe kwa sauti kuanzia mdogo, na baba afunge. Nimetii wiki tatu. Sasa yamenifika shingoni, na naomba niyapange kwa namba ili nisije nikaambiwa nina jazba.

1. Anayefungua ni kitindamimba wangu wa miaka saba. Siku ya kwanza alimshukuru Mungu kwa uji, kisha akasema: "Yesu, baba yako wa kule Nazareti alikuwa seremala kama baba yangu. Naomba umwambie baba, miguu yangu inatoka nje ya kitanda." Ni kweli mwaka huu nimetengeneza vitanda kumi na vinne, vyote vya watu. Ni kweli pia mtoto bado analalia kile nilichomtengenezea alipoanza kutembea. Lakini nimepekua Injili zote nne, sikuona palipoandikwa kwamba Yusufu alimaliza kazi za nyumbani kwake kwa wakati. Wahenga nao walisema mganga hajigangi.

2. Mke wangu hanigombezi tena. Zamani alikuwa anasema, nami najibu, tunanuniana, yanakwisha. Sasa anakata rufaa juu moja kwa moja, tena amefumba macho, na mtu aliyefumba macho utamjibu vipi? "Baba wa mbinguni," husema kwa upole unaonitisha, "unaujua mlango wa jikoni, na unajua ni tangu lini." Juzi nilikohoa kidogo kumkumbusha kwamba nipo. Akaniombea na kifua.

3. Mama mkwe alikuja kwa siku mbili, ameongeza wiki mbili. Anasema ibada ya nyumba hii ni tamu. Huyu haombi, anasoma kumbukumbu za kikao. Alianzia siku niliyokwenda kumposa binti yake, nikaahidi kabati, na hadi anafika kwa mjukuu wa kwanza mboga zilikuwa zimepoa.

4. Madirisha yetu hayazuii sauti. Mteja aliyefuata meza yake karakanani aliulizia kwanza kitanda cha mtoto.

5. Hili ndilo zito. Anayefunga ni mimi. Mashtaka yote yakishasomwa, mshtakiwa ndiye anayetakiwa kusema Amina! Nisiposema, hakuna kula. Basi nimekuwa nikisema, Mchungaji, kila jioni, na kila Amina ni sahihi yangu chini ya hati ya mashtaka.

Kwa hiyo naliomba baraza la wazee litoe mwongozo kwamba maombi yanayomhusu baba yaombwe kimoyomoyo, au yaletwe kwa maandishi siku saba kabla ili baba ajiandae. Likishindwa, naomba kujiuzulu. Mke wangu anafaa kabisa kuwa kichwa. Kusema kweli amekaimu nafasi hiyo miaka kumi na miwili. Mimi nitabaki mwanafamilia wa kawaida, mwenye haki ya kula.

Nisalimie mama mchungaji, wazee wote, kwaya, na yule mama anayepangusa mimbari bila kuikwaruza.

Ni mimi katika Bwana, na kwa sasa bado kichwa,

Seremala.

Tanbihi: Barua hii ilikuwa mfukoni jana jioni tulipokaa kwa ibada. Kitindamimba alimwombea mama yake, akamwombea bibi yake na kuku wa jirani mwenye jicho bovu, akanyamaza. Nilingoja. Nikafungua jicho moja, nikaona amemaliza. Kitanda hakukitaja, wala mimi hakunitaja. Mama yake alipomuuliza, alisema ameona aache, pengine Mungu naye anachoka kuambiwa jambo moja kila siku.

Mchungaji, kuombewa wiki tatu nimelalamika, lakini kuachwa jioni moja kumenishinda. Niliumia. Zamu yangu ilipofika nilikiombea kile kitanda mwenyewe, na wote wakaitikia Amina, mama mkwe kwa sauti kuliko wote.

Asubuhi hii nilimpima mtoto akiwa amesimama mlangoni na mkoba wake wa shule, nikaandika vipimo kwenye karatasi ya kwanza niliyoikuta mfukoni, ndiyo hii. Viko nyuma, kwa penseli. Nimeongeza futi moja, maana anakua. Tafadhali isome haraka uirudishe, nataka kukata mbao kabla ya jioni. Niko hapa nje, naingoja.